Mlango wa Farhan

Jua lilikuwa limebakiza kidogo kuzama Mwanaiddi alipochukua chupa ya chai na vikombe viwili, akazunguka nyumba yake kwa nje kumpelekea fundi. Safari yenyewe haizidi hatua thelathini. Unatokea uani, unakata kona penye tangi la maji, unaingia uchochoroni, umefika. Njia hiyo alikuwa ameipita miaka ishirini na saba bila kuiwaza. Jioni ile kila hatua aliivuta.

Fundi Gaspar, Mfipa mmoja mpole asiyependa makelele, alikuwa amebakiza mistari miwili ya tofali. Pale palipokuwa na mlango wa kijani palikuwa pameinuka ukuta mbichi, umemfika kidevuni. Mlango wenyewe ulikuwa umelazwa kando, juu ya mchanga. Karibu na ndoo ya saruji zilikuwepo kandambili za bluu, zimepauka kwa jua.

"Shikamoo, Mama Iman. Hizi kandambili nizitupe?"

"Marahaba. Usiziguse, baba."

Akainama, akaziokota mwenyewe. Zilikuwa za mwanawe, Farhan. Zilikaa nje ya mlango ule miaka miwili, zikanyeshewa, zikakauka, na hakuna mtu aliyethubutu kuzisogeza hata kwa ufagio. Mwanaiddi akazikung'uta vumbi, akazikumbatia kifuani. Machozi yalimtoka mbele ya fundi na hakuona haya.

"Mama, nisimamishe?" Gaspar akauliza, mwiko ukiwa hewani.

Hapo ndipo alipopaswa kusema ndiyo. Angesema, hadithi hii isingekuwepo.

"Malizia tu," akasema.

Nyumba hii lazima nikueleze, maana yenyewe ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Mpanda mjini: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, jiko na choo uani. Marehemu mumewe aliijenga akitegemea itajaa watoto. Mungu akampa wawili. Iman, mkubwa, alisomea mambo ya majengo, akaolewa na kubaki Dodoma. Farhan ndiye aliyebaki na mama yake, katika chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uchochoroni, kwa kuwa kijana wa kiume hapendi kupita sebuleni kila akichelewa. Sasa Farhan naye hayupo. Mwanaiddi alikuwa akifunga duka lake la khanga sokoni, anarudi nyumbani, anapika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu saba.

"Mama, huwezi kuzeeka unaongea na korido," Iman alimwambia kwenye simu. "Tuigeuze nyumba. Tupangishe."

Akamtumia ramani. Ilikuwa ramani ya kijanja kwelikweli. Baadhi ya kuta zingevunjwa na mahali pake pangewekwa kuta za mbao za kukunja, zinazokwenda kwenye reli. Mpangaji akitaka chumba kimoja, anapata kimoja. Akija mwenye familia, unakunja ukuta, viwili vinakuwa kimoja. Mwalimu wa miezi mitatu, mnunuzi wa tumbaku wa msimu mmoja, mwanafunzi, bibi harusi, nyumba ingemfuata kila mtu na hali yake. Milango nayo ingehama ili kila mpangaji awe na pa kuingilia. Ule wa uchochoroni ungezibwa, mwingine utobolewe upande wa barabarani. Chini ya ramani Iman aliandika: *Mgeni njoo, mwenyeji apone.*

Mwanaiddi aliikubali ramani yote isipokuwa mstari mmoja, ule wa mlango wa uchochoroni. Huo alikaa nao miezi minne.

Farhan alikuwa ametoka kwa mlango ule alfajiri moja, miaka miwili nyuma, kwenda kurina asali porini Ugalla pamoja na wenzake watano. Alivaa buti, kandambili akaziacha nje, akasema, "Mama, usinifungie." Wenzake walirudi baada ya wiki nne. Yeye alikuwa amewaacha kambini asubuhi moja akafuata nyuki ng'ambo ya mto. Walimtafuta siku tisa. Hawakupata hata kofia. Ndugu walitaka hitima isomwe mambo yaishe, na Mwanaiddi aliwafukuza na sufuria zao za pilau. "Mwili nimeuona?" aliwauliza. "Mnaniletea matanga ya mtu gani?" Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wakanyamaza.

Sasa sikia jambo lililomfanya akae na mstari ule miezi minne. Mama mkwe wake, Mkonongo wa kule Ugalla ambaye ukoo wao mzima ulikuwa wa warina asali, alimwachia mwiko mmoja kabla hajafa. Mrina asali akienda porini, mlango aliotokea hauzibwi, hauhamishwi, wala hauwekwi komeo, mpaka arudi, au mpaka mdomo wa mama yake utamke kwamba amekufa. "Kule msituni miti yote inafanana," bibi alisema. "Kinachomrudisha mtu ni mlango wake. Anaushika kichwani. Ukiuziba, umemzungusha."

Mwanaiddi alikuwa mtu wa sala tano. Mambo ya miko aliyaheshimu lakini hakuyalalia. Iman naye alisema, "Mama, ni tofali tu." Basi akaziba mlango bila kutamka kwamba mwanawe amekufa. Ndilo kosa lake, na alilifanya kwa mapenzi. Mdomo wake ulishindwa kumwua mtoto.

Gaspar alipoweka tofali la mwisho, nyuki mmoja alikuja akatua juu ya saruji mbichi. Akatembea kutoka upande huu hadi upande ule. Akarudi. Akatembea tena.

Mpangaji wa kwanza alikuwa binti wa Katumba aitwaye Jeannine, mwalimu wa chekechea, mwenye mtoto mchanga wa miezi saba, Upendo. Mumewe alikuwa kazini Kigoma. Alichukua vyumba viwili, kile cha Farhan na kinachofuata, ukuta wa kukunja ukiwa wazi katikati. Mwanaiddi alimpenda siku hiyohiyo. Nyumba ikapata kilio cha mtoto, nepi kwenye kamba, harufu ya uji. Kwa wiki nzima mama yule alicheka.

Wiki ya pili Jeannine alimfuata uani akiwa na mtoto mgongoni. Adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika muda huohuo.

"Shikamoo, mama. Eti uchochoroni kuna mlango?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Kuna mtu anapiga hodi. Kila jioni, saa hizi. Nyuma ya kitanda changu."

Mwanaiddi akaacha kupembua mchele.

"Mwanzo nilidhani ni nyumba ya jirani," Jeannine akaendelea, sauti ameishusha. "Ila ni pale ukutani. Anapiga hodi, ananyamaza. Halafu nasikia anatembea, anaifuata nyumba pembeni, anazunguka mpaka anarudi palepale. Na Upendo anamfuata, mama. Kwa macho. Anageuza kichwa taratiiibu, ukuta hadi ukuta, anacheka."

Mwanaiddi aliinuka. Alichukua tochi ya simu, akatoka uchochoroni peke yake.

Vumbi la kiangazi halifichi kitu. Pale chini ya lipu mpya palikuwa na nyayo. Miguu mitupu, mipana, kidole gumba cha kushoto kimepinda kwa ndani. Zilianzia ukutani. Akazifuata. Zikapita chini ya dirisha, zikakata kona ya tangi, zikapita uani nyuma ya mgongo wa jiko alipokuwa ameketi na Jeannine muda mfupi uliopita, zikatokea barabarani, zikapita mbele ya mlango mpya bila hata kusita, zikarudi uchochoroni. Si mzunguko mmoja. Ardhi ilikuwa imekanyagwa ikawa njia.

Kidole kile alikijua. Kilipindishwa na jembe Farhan akiwa darasa la tatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga kitambaa.

Kesho yake kabla ya magharibi aliketi juu ya kitanda cha Jeannine, shavu limegusa ukuta. Harufu ilitangulia. Moshi wa majani mabichi. Nta. Asali mbichi, ile yenye ukali puani...

Kisha vidole. Vinapapasa lipu, taratibu, kama mtu anayetafuta komeo gizani.

"Hodi..."

Mwanaiddi akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hodi, mama..."

Hatua zikaondoka. Zikazunguka. Alizihesabu zote thelathini za upande wa uani kwa moyo wake. Zikarudi.

"Hodi..."

Alikuwa yeye. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ni yeye. Mwanaiddi alilia mpaka khanga ikalowa, na hakumwitikia, kwa kuwa tangu utotoni alifundishwa kwamba sauti ambayo mwenyewe humwoni haikaribishwi ndani. Hilo nalo alikuja kulijutia.

Siku ya Alhamisi alimwita Gaspar.

"Bomoa."

Fundi alimtazama, akautazama ukuta, akaziona nyayo. Alianza na tindo na nyundo saa kumi jioni, akiwa ndani ya chumba. Lakini alikuwa fundi mzuri, ndiyo shida yake. Saruji ilikuwa imeshika. Adhana ilipoadhiniwa alikuwa ametoboa tundu la ukubwa wa sahani tu. Mwanaiddi akapiga magoti mbele ya tundu, akachungulia. Uchochoro ulikuwa mtupu. Mwanga umebaki kidogo, wa rangi ya majivu.

Jeannine alikuwa amesimama nyuma, kwenye reli ya ule ukuta wa kukunja, mtoto kifuani.

Harufu ikaja.

Nje hapakuwa na mtu. Hata kivuli. Lakini pumzi iliingia kwa lile tundu, ya moto, ikamgusa Mwanaiddi usoni.

"Hodi, mama."

"Farhan..."

"Mama, mlango umeuweka wapi?"

Nyundo ikamponyoka Gaspar.

"Nimezunguka, mama. Nimezunguka sana. Miguu imechoka."

"Mwanangu..." Mwanaiddi aliingiza mkono tunduni mpaka begani. Ulishika hewa. "Mwanangu, kari..."

"Usiseme!" Jeannine alimrukia, akamvuta bega. Mtoto alikuwa ameinua mikono yote miwili kuelekea tunduni, vile mtoto anavyoinua kwa mtu anayetaka kumbeba. "Mama Iman, nakuomba kwa Mungu. Huyo si mtu. Huoni nje hakuna mtu? Nina mtoto humu ndani. Usimkaribishe kwenye mtoto wangu."

Mwanaiddi alimtazama yule mtoto. Alikuwa wa mwenziwe, hai, ana meno mawili.

Gaspar akanong'ona, "Mama, labda hajui. Wengine wanakufa hawajui, wanabaki wanazunguka. Mwambie. Mama yake ndiye wa kumwambia."

*Mpaka mdomo wa mama yake utamke.* Bibi alisema hivyo. Mwanaiddi akaegemeza paji la uso kwenye tofali. Neno alilolikataa miaka miwili, alilowafukuzia ndugu, lilikuwa limemkaa kooni. Akalisukuma.

"Farhan, baba. Sikiliza. Wewe... wewe umekufa."



Wakasikia mafuta yakilia kwenye kikaango cha jirani.

"Nimekufa, mama?"

Aliuliza vile alivyokuwa akiuliza udogoni, kwenye zahanati, kama ni kweli sindano haiumi.

"Ndiyo, mwanangu. Umekufa. Usizunguke tena. Nenda kapumzike."

"Haya, mama."

Hatua zikaondoka. Safari hii hazikuzunguka nyumba. Zilinyoosha uchochoro, zikadidimia upande wa Mwamkulu, iliko njia ya porini, zikaisha. Harufu ikaisha nayo. Upendo akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa, na watu wazima watatu wakakaa chini sakafuni wakalia naye.

Usiku huo Mwanaiddi alilala. Aliamka na uchungu mkubwa, lakini ulikuwa uchungu wenye mwisho. Ijumaa alimpigia Iman, akamwambia aje, hitima isomwe. Gaspar akamalizia kubomoa, akaurudisha mlango wa kijani mahali pake. Jeannine akavuta ukuta wa kukunja, akabaki na chumba kimoja, chumba cha Farhan kikarudi kwa mwenyewe. Mwanaiddi akazirudisha kandambili nje ya mlango. Alifikiri amefanya jambo jema. Alimshukuru Mungu kwa kumpa nguvu.

Jumamosi mchana pikapu ilisimama barabarani. Akateremka Yotham, mrina asali mtu mzima, mmoja wa wale watano waliokwenda na Farhan. Nyuma ya gari kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai.

"Tumempata, mama," Yotham akasema. Hakuweza kuinua macho.

"Mifupa?"

Yotham alitikisa kichwa. Alivua kofia.

"Si mifupa, mama. Mwili. Jana asubuhi. Ulikuwa bado haujakakamaa vizuri."

Mwanaiddi alisikia maneno hayo moja moja. Yalikataa kukaa pamoja.

Yotham alieleza, na aliyoyaeleza hakuna aliyeweza kuyafafanua. Miaka miwili yote Farhan alikuwa wapi, Mungu ndiye anayejua. Lakini alikuwa njiani anarudi. Walikuta majivu ya mioto yake, mmoja baada ya mwingine, kutoka ng'ambo ya mto, mstari ulionyooka kuja mjini. Wa mwisho ulikuwa mwendo wa siku moja tu kufika Mwamkulu. Hapo palikuwa na mti mkubwa wenye mzinga. Hapo ndipo aliposimama. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa kuuzunguka ule mti, duara, duara, mpaka ardhi ikaonekana, njia kabisa.

"Kama wiki tatu hivi alikuwa anazunguka," Yotham akasema. "Asali ipo juu ya kichwa chake, hakuigusa. Alhamisi jioni sisi tulikuwa ng'ambo ya bonde, tukasikia mtu anapiga hodi. Porini! Tukaitikia *karibu*, tukaita, yeye hatusikii. Kisha akasema neno kama *haya*... akanyamaza. Asubuhi tukamkuta amelala chini ya mti. Hana jeraha. Amejinyoosha vizuri, amefumba macho, kama mtu aliyeambiwa alale."

Wiki tatu. Ukuta wa Gaspar ulikuwa na wiki tatu.

"Alikuja hapa," Mwanaiddi akasema, na sauti haikuwa yake. "Alipiga hodi hapa, Yotham. Sikumwona, nilimsikia. Nikajua amekufa. Nikamwambia."

Yotham akamtazama sasa, na uso wake ukabadilika.

"Ulimwambia nini, mama?"

Mwanaiddi akajifunika uso kwa khanga. Jibu likawa hilo.

"Mama..." Yule mzee alikaa chini, pale pale barabarani. "Mama, kwani bibi yake hakuwaambia? Sisi wa Ugalla tunajua hata watoto. Mtu hai roho yake inaweza kutangulia nyumbani. Ikifika, inapiga hodi, inangoja kukaribishwa. Mfu hapigi hodi. Mfu anaingia tu."

Walimzika Farhan siku hiyo kabla ya laasiri. Iman alikuja usiku, akaiona ramani yake ilivyokaa vizuri ukutani na relini, akaanguka mlangoni akilia. Mama yake hakumlaumu. Nyumba ilikuwa imepangwa vizuri, imfae kila mgeni wa dunia hii. Aliyepotezwa ni mwenyewe.

Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, Mwanaiddi aliingia chumba cha Farhan saa ya magharibi kama alivyokuwa akifanya kila siku. Aliurudishia mlango wa kijani bila kutia komeo. Akaketi ukingoni mwa kitanda, uso kuelekea mlangoni. Siku arobaini alikuwa amekaa hivyo, neno liko tayari ulimini. Karibu. Karibu, mwanangu. Angepiga hodi mara moja tu, angelisema kabla haijamalizika.

Adhana ikaisha. Kikaango cha jirani kikalia, kikanyamaza. Upande wa pili wa ukuta wa kukunja, Upendo alikuwa akicheka peke yake.

Mwanaiddi akasikiliza nje. Uchochoro ulikuwa kimya. Hakuna hatua. Hakuna vidole.

Kisha harufu ya moshi wa majani mabichi ikajaa chumbani, na asali. Godoro likabonyea pembeni yake, taratibu, mpaka bega lake likaegemea kwenye baridi.

Hakuna aliyepiga hodi.